Namna ya kusoma jenomu ya bakteria wa tumboni mwa nyuki ukiwa Dodoma

Tuanze na habari njema manake watu wengi wanaiogopa hii kazi kabla hata hawajaigusa. Tumbo la nyuki wa asali sio kama la binadamu lenye mamia ya aina za bakteria. Nyuki kibarua mzima anabeba bakteria wanaokaribia bilioni 1, lakini wengi wao wanatoka kwenye makundi machache ambayo yanajirudia kwa nyuki wa asali karibu kila kona ya dunia: Snodgrassella, Gilliamella, Bifidobacterium, na makundi mawili ya laktobasila. Hao ndo kiini. Wapo na wengine, Bartonella, Frischella, Commensalibacter, ila ukiwajua hao watano umeshashika sehemu kubwa ya kinachoendelea humo ndani. Wawili wa kwanza walipewa majina rasmi mwaka 2013 tu, kazi ya Waldan Kwong na Nancy Moran, wakamuenzi Robert Snodgrass aliyeeleza maumbile ya nyuki na Martha Gilliam aliyesoma vijidudu vya nyuki kwa miaka mingi. Kwahiyo sayansi yenyewe bado changa, na jenomu nyingi za mwanzo (jenomu ni DNA yote ya kiumbe kimoja, herufi kwa herufi) zimetoka kwa nyuki wa Marekani na Ulaya.

Nyuki wetu huku kanda ya kati ni wale wakali wa nyanda kavu, Apis mellifera scutellata, wanachuma kwenye migunga, mibuyu na alizeti, ukame ukizidi wanahama mzinga, na wafugaji wetu wengi hawana desturi ya kuwapa dawa. Wana historia yao na bakteria wao wana historia yao, na mi naona inatakiwa isomwe na watu wanaoishi nao. Ndo maana naandika hii.

Kitu kimoja ukishike kabla ya vyote: ubora wa jenomu unaamuliwa mzingani na kwenye sahani ya kuoteshea, sio kwenye mashine. Mashine itasoma chochote utakachoipa, hata uchafu itausoma vizuri tu.

Swali na kibali

Andika swali lako kwenye daftari, sentensi moja. Mfano, je Gilliamella wa nyuki wa porini Chemba wana jeni za kuvumilia tetrasaiklini, ile dawa ya antibayotiki? Au, je Snodgrassella wa mizinga iliyo karibu na mashamba ya alizeti wanaweza kudhurika na dawa ya magugu? Swali ndo litakuambia uchukue nyuki wa wapi, wangapi, na usome jenomu ngapi. Bila hilo utarudi na faili kubwa usijue uzifanyie nini.

Kibali cha utafiti kinatoka COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia), na kama mizinga ipo ndani ya hifadhi ya msitu au hifadhi ya nyuki ongea na TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) mapema. Sampuli ikitoka nje ya nchi lazima kuwe na mkataba wa kuhamisha sampuli, usimkabidhi mtu mrija wa sampuli hata kama ni rafiki yako wa chuo. Serikali ya kijiji nayo ijulishwe. Na mwenye mzinga, huyu ndo muhimu kuliko wote: nenda kwa mzee, shikamoo, kaa, muelezee kwamba unahitaji nyuki 20 tu kati ya maelfu waliopo, kwamba malkia hutamgusa na asali hutaifungua. Muulize pia amewahi kuwapa nyuki wake kitu chochote, sukari, dawa, na jirani wanapuliza nini mashambani. Majibu yake ni data, yaandike kwa tarehe.

Lini na nyuki gani

Mvua zetu ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, kwahiyo kipindi kizuri ni kuanzia mwisho wa mvua wakati maua yapo na makundi yana nguvu. Ukienda Oktoba kwenye jua kali unaweza kukuta mzinga mtupu, au kundi dhaifu linalojiandaa kuhama, na kulisumbua wakati huo sio vizuri.

Sasa hapa pana jambo la kuelewa. Nyuki anapotoka tu kwenye tundu lake la sega anakuwa karibu hana bakteria kabisa. Anawapata kwa wenzake na kwa kugusana na vitu vya mzingani ndani ya siku chache za kwanza, na inachukua kama siku 4 mpaka 6 hivi tumbo lijae. Kwahiyo wale wenye manyoya mengi ya kijivu waliotoka jana waache. Chukua nyuki walezi waliopo juu ya masega yenye majana, au wanaorudi mlangoni na chavua miguuni, ila chagua moja ushikilie hilo hilo kwenye mizinga yote, usichanganye walezi wa mzinga huu na wachumaji wa ule alafu uje useme mizinga inatofautiana.

Nenda jioni jua likipungua, vaa mavazi kamili ya kinga, moshi kidogo. Waweke kwenye chupa yenye matundu, chupa ndani ya kulboksi yenye barafu lakini weka kitambaa katikati, manake unataka wapoe sio wafe. Kama unaenda kuotesha bakteria lazima nyuki wafike hai au waliokufa muda huo huo. Kama huoteshi na unataka DNA tu basi watumbukize kwenye etanoli safi ya asilimia 95 au zaidi, hapo hata ukiwa Kondoa bila umeme sampuli inatulia, ila elewa etanoli imeua kila kitu na kuotesha hamna tena. Kila chupa iwe na namba ya mzinga, tarehe, kijiji, majira nukta ya GPS, aina ya mzinga kama ni gogo au sanduku, na maua uliyoyaona. Andika kwa penseli, wino unafutika na etanoli.

Kupasua

Hii sehemu watu wanaipita haraka na ndo inayoharibu kazi. Nyuki alale kwenye barafu mpaka asiweze kutembea. Muoshe nje kwa etanoli ya asilimia 70 kwa sekunde chache alafu maji yaliyochemshwa kwa otoklevu. Shika kifua kwa kibano kimoja, kibano kingine kishike pingili ya mwisho yenye mwiba, vuta polepole kwa mstari ulionyooka. Utumbo wote unatoka mzima. Ukivuta kwa kasi unakatika na chavua inamwagika kila mahali.

Mbele utaona kifuko cha asali, ni kama puto dogo la maji, kinafuata utumbo wa kati ambao ni mnene na una rangi ya kahawia, alafu kwenye maungio kuna nyuzi nyembamba nyingi za kutoa taka. Baada ya hizo nyuzi ndo kuna kipande chembamba cheupe kinaitwa ileamu, na mwisho puru, ambayo kwa nyuki aliyekula vizuri imejaa chavua na ina rangi ya njano. Zaidi ya asilimia 95 ya bakteria wapo hizo sehemu mbili za mwisho. Na wamejipanga: Snodgrassella wamejibandika ukutani mwa ileamu, Gilliamella wapo juu yao upande wa ndani, laktobasila na Bifidobacterium wamejaa kwenye puru. Kwahiyo unamtaka nani ndo unakata wapi. Ukisaga utumbo wote kwa pamoja utapata wote, lakini baadae utateseka kuwatenganisha.

Saga kipande kwenye maji ya chumvi ya PBS yaliyo safi, kama mikrolita 100 hivi, kwa kijiti cha plastiki kilichotakaswa. Nyuki mmoja mrija mmoja, tafadhali. Mizinga ina aina nyingi za karibu karibu za bakteria hawa na zinagawanyika kati ya nyuki na nyuki, ukiwamwaga nyuki 10 kwenye mrija mmoja unakuwa umefuta hiyo taarifa na huirudishi.

Kuotesha

Punguza mchanganyiko mara kumi kumi, mpaka mara 100,000 hivi, mimina kwenye sahani kila hatua. Snodgrassella na Gilliamella wanaota vizuri kwenye agari (chakula cha bakteria kilichoganda kwenye sahani) yenye damu ya kondoo asilimia 5, joto nyuzi 35, hewa yenye kabonidayoksaidi asilimia 5. Kama inkyubeta ya gesi hamna, tumia mtungi wa mshumaa: sahani ndani, mshumaa unawaka, funga kifuniko kibane, ukizimika umebaki na kabonidayoksaidi ya karibu asilimia 3 na hiyo inatosha kujaribu. Laktobasila waweke kwenye agari yao iitwayo MRS na hawa hawataki oksijeni, Bifidobacterium ndo kabisa, wanahitaji mtungi usiopitisha hewa wenye pakiti za kufyonza oksijeni, mshumaa hauwasaidii kitu. Bifidobacterium waongezee na sisteini kidogo kwenye agari.

Subiri siku 2 au 3 kwa wale wa damu, wengine zaidi. Wale wanaojaza sahani nzima usiku mmoja mara nyingi sio unaowatafuta, ni wapita njia. Unaowataka ni vidoa vidogo, vyeupe, laini. Chukua kidoa kimoja, kichore kwenye sahani mpya, kikiota chukua kimoja tena, rudia angalau mara 3. Najua inachosha na unaona kabisa sahani ni safi lakini Snodgrassella na Gilliamella wanakaa pamoja tumboni na wanapenda kuja pamoja kwenye sahani pia, wanafanana kwa macho, na hao wawili wakichanganyika ndo tatizo la kila siku kwenye hii kazi.

Kabla ya kutumia hela kubwa fanya PCR (kunakili kipande cha DNA mara nyingi) ya jeni ya 16S, ambayo inatumika kumtambua bakteria na ina herufi kama 1,500, ukitumia praima (vipande vifupi vya kuanzishia kunakili) 27F na 1492R, tuma kipande kikasomwe kwa njia ya Sanger, linganisha na hifadhidata kwa BLAST. Ni bei ndogo na inakuokoa kusoma jenomu ya bakteria wa ngozi yako mwenyewe. Anayekubalika muhifadhi kwenye gliseroli asilimia 20 hivi, nyuzi hasi 80, mirija miwili kwenye friza mbili tofauti zenye umeme wa laini tofauti kama inawezekana.

DNA na mashine

Hapa sitakaa sana. Gilliamella na Snodgrassella kuta zao ni nyepesi, seti ya kawaida ya kemikali za kutoa DNA inafanya kazi. Laktobasila na Bifidobacterium kuta ni nene, waloweke kwanza na laisozaimu, kimeng'enya cha kumomonyoa ukuta. Kama utasoma vipande virefu usitikise mrija kwa nguvu na usitumie shanga za kusagia, kata ncha ya pipeti iwe pana, manake kila mtikisiko unaikata DNA. Pima kwa Qubit upate kiasi, alafu uwiano wa 260/280, kipimo cha usafi wa DNA, uwe karibu 1.8, pitisha kwenye jeli uone mstari mmoja juu, sio ukungu unaoshuka mpaka chini.

MinION ni mashine ya kusoma DNA kwa vipande virefu, inakaa mkononi na inachomekwa kwenye laptopu, ndo maana naipendekeza kwa huku kwetu, ila kugeuza mawimbi kuwa herufi kunahitaji kompyuta yenye GPU (kadi ya michoro yenye nguvu) na umeme usiokatika, kwahiyo panga UPS. Illumina, mashine ya aina nyingine, ni sahihi sana ila vipande vifupi na mara nyingi utatuma sampuli mbali. Hesabu ya kiasi iko hivi: jenomu ya herufi milioni 2.5 ukitaka kila herufi isomwe mara 100 unahitaji herufi milioni 250, kwahiyo bakteria 24 kwa pamoja wenye alama zao za kuwatofautisha ni kama bilioni 6. Seli moja ya MinION (flow cell, kile kipande cha kusomea) ikiwa nzima inaweza hiyo kazi, usitumie seli moja kwa bakteria mmoja.

Kuna watu watakuambia usioteshe, soma DNA yote ya tumbo kwa mpigo alafu utenganishe kwenye kompyuta. Inawezekana, na kwa sampuli za etanoli ndo njia pekee, lakini kumbuka jenomu ya nyuki mwenyewe ni herufi zaidi ya milioni 220, karibu mara 90 ya Snodgrassella, na chavua nayo inaleta DNA ya mimea. Itabidi kwanza uondoe ya nyuki kwa programu ya minimap2, uunge, ugawe mafungu kwa MetaBAT2, na kundi la laktobasila lenye spishi nyingi za karibu litakutoa jasho. Kwa jenomu ya kwanza maishani mwako otesha.

Kuunga na kukagua

Vipande virefu unaunga kwa programu ya Flye, vifupi kwa SPAdes. Kama laptopu yako ndogo, tovuti ya Galaxy ni bure, unapandisha faili usiku bando likiwa rahisi na kazi inafanyika kwenye seva zao. Bakteria mmoja safi aliyesomwa kwa vipande virefu anatakiwa atoke kama duara moja, pengine na plasmidi (duara dogo la DNA la ziada) moja au mbili pembeni. Ukipata vipande 300 kuna kitu hakiko sawa.

Pitisha kwenye CheckM2, programu ya kukagua ubora. Ukamilifu uwe zaidi ya asilimia 90 na uchafu chini ya 5, hicho ndo kiwango kinachokubalika, ila kwa bakteria uliyemsafisha sahani mara 3 mi ningetegemea 98 na chini ya 1. Alafu fanya ukaguzi huu ambao hauhitaji programu yoyote ngumu, angalia ukubwa na asilimia ya G na C, mbili kati ya herufi nne za DNA. Snodgrassella alvi wa nyuki wa asali ana herufi kama milioni 2.5 na G na C kama 41. Gilliamella apicola milioni 3.1 hivi na G na C kama 34. Bifidobacterium asteroides milioni 2.2 hivi na G na C inafika 60. Chora grafu ya G na C ya vipande vyako vyote, ukiona vilima viwili, kimoja 34 kingine 41, umeshajua nani kaingia na nani, rudi kwenye sahani.

Na usitegemee jenomu ndogo sana kisa umesoma kwamba bakteria wanaoishi ndani ya wadudu jenomu zao zimesinyaa. Hiyo ni kweli kwa Buchnera wa vidukari mwenye herufi kama 640,000 tu, yeye amefungiwa ndani ya seli na anarithiwa toka kwa mama. Hawa wa nyuki wanahama toka nyuki mmoja kwenda mwingine kwa kugusana, na bado wana vifaa vya kutosha kuota kwenye sahani.

Kusoma kilichopo

Programu ya Bakta au Prokka itakupa orodha ya jeni. Hapa ndo raha ilipo na ndo watu wengi wanaishia kubandika jedwali la namba za jeni wakaondoka. Kaa nayo.

Snodgrassella hana njia kamili ya kuvunja sukari. Anaishi ndani ya mdudu anayekunywa mbochi kutwa na hawezi kuila sukari yenyewe, anakula asidi kama sitreti na asetati, nyingine zikiwa mabaki ya wenzake, alafu anatumia oksijeni inayovuja toka ukutani mwa utumbo. Gilliamella ni kinyume, yeye anachachusha sukari, na wengine kati yao wana vimeng'enya vya kukata pektini iliyopo kwenye kuta za chavua, na mwaka 2016 ikaonyeshwa kwamba baadhi wanakula mannosi, arabinosi, zailosi na ramnosi, sukari ambazo nyuki mwenyewe zinamdhuru. Angalia wako anazo zipi, manake sio kila Gilliamella anazo. Na kama Snodgrassella wako ameonekana na njia nzima ya kuchachusha sukari usishangilie ugunduzi, kagua uchafu kwanza.

Dawa ya magugu ya glaifoseti inaziba kimeng'enya kinachotengenezwa na jeni iitwayo aroA. Nyuki hana hiyo jeni, bakteria wanayo. Mwaka 2018 Motta, Raymann na Moran walionyesha nyuki waliokula glaifoseti wanapungukiwa na Snodgrassella, na aina karibu zote za Snodgrassella zina aroA ya kundi la kwanza, lile linalozuilika. Toa mfuatano wa aroA yako, linganisha uone ipo kundi lipi. Kwa sisi wenye alizeti na dawa za magugu zinazoongezeka kila msimu hilo ni swali la leo. Ila jeni pekee haitoshi, wapo wenye aroA hiyo na bado wanavumilia, kwahiyo weka na jaribio la sahani yenye dawa na sahani isiyo na dawa.

Tetrasaiklini nayo. Marekani wamewapa nyuki oksitetrasaiklini kwa zaidi ya miaka 50 na utafiti wa 2012 ukakuta bakteria wa nyuki wao wamejaa jeni za kuivumilia, nyingi kuliko za nyuki wa nchi zisizotumia. Pitisha jenomu zako kwenye AMRFinderPlus, programu ya kutafuta jeni za kuvumilia dawa. Ukikuta hamna kitu, hilo nalo ni jibu la thamani, liandike waziwazi. Ukikuta jeni yoyote ya tet (za kuvumilia tetrasaiklini) angalia kama ipo kwenye plasmidi, alafu rudi kwa mwenye mzinga na umuulize kuhusu mifugo ya jirani.

Jina la spishi lithibitishe kwa FastANI, programu ya kupima kufanana kwa jenomu, dhidi ya jenomu za rejea kama wkB2 ya Snodgrassella. Zaidi ya asilimia 95 ni spishi ile ile. Chini ya hapo tulia, ongeza jenomu za kulinganisha, tumia na GTDB-Tk ya kupanga spishi.

Wale nyuki wadogo wasiouma ambao asali yao watu wanaitafuta sana kwa dawa, usiwaendee na mpango huu huu. Jamaa zao Melipona wa Amerika ya Kusini wamepoteza Snodgrassella na Gilliamella wote wawili, kwahiyo anza na uchunguzi wa 16S wa tumbo zima ujue nani yupo ndo uchague agari. Na kundi lao ni dogo, chukua wachache.

Kuweka data

Fungua mradi kwenye NCBI, hifadhidata ya wazi ya DNA, weka na vipande ghafi sio jenomu iliyoungwa tu. Kwenye maelezo ya sampuli jaza nchi na mkoa, tarehe, aina ya nyuki mpaka nususpishi kama una uhakika, sehemu ya utumbo, aina ya mzinga, na namba ya kibali. Majira nukta ya mzinga wa mtu usiyaweke kamili hadharani bila yeye kukubali, tarakimu mbili baada ya nukta zinatosha kwa mtafiti na hazimuonyeshi mwizi wa asali mti upi. Kwa mwenye mzinga peleka karatasi moja ya Kiswahili yenye jina la bakteria, kijiji chake, na jibu la lile swali uliloandika kwenye daftari.